Ukurasa wa Mashairi Ulivyofika Kisaka

Kabla gazeti halijafika Kisaka, shairi lilikuwa na mahali pake pa kutokea, na mahali hapo palikuwa uani. Mpiga litungu alikaa kwenye kigoda, akaegemeza chombo chake cha nyuzi nane, akaanza kutaja watu. Alimtaja baba wa bwana harusi na ng'ombe aliotoa, akamtaja kijana aliyerudi kutoka jeshini, akamtaja mzee aliyesema neno la busara kwenye ritongo, baraza la wenyeji, na mwingine aliyekaa kimya ilipopaswa aseme. Aliyetajwa kwa sifa alimletea pombe au akamtupia shilingi. Aliyetajwa kwa aibu aliinama, akajua kwamba kabla ya mavuno jina lake litakuwa limevuka Mto Mara na kuimbwa kwa Wakurya wa upande wa Tarime. Mstari uliochosha watu ulikufa usiku uleule. Ulioshika mioyo uliondoka na wageni alfajiri.

Naanza na haya kwa sababu historia nyingi za ushairi wa Kiswahili nilizosoma zinaanzia Lamu na Pate, zinapita Mombasa, Tanga na Unguja, kisha zinaishia Dar es Salaam. Sisi wa Mara tunatajwa mwishoni, tukitajwa. Nimefundisha shule za msingi Serengeti na Tarime mpaka kustaafu, na mashairi nimeyatunga tangu nikiwa msichana. Ninachotaka kueleza ni namna mtu wa kijiji kama Kisaka, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kingoreme, alivyopata mlango wa kuingilia katika ushairi wa taifa. Mlango huo ulikuwa ukurasa mmoja wa gazeti, na ada yake ilikuwa stempu.

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili hatukuyajua. Habari za Mwezi ya wamisionari wa Magila, mwishoni mwa karne ya 19, na Kiongozi lililochapwa Tanga katika shule ya serikali wakati wa Wajerumani, yalikuwa magazeti ya watu wa upande wa mashariki. Lililotufikia ni Mambo Leo. Lilianza mwaka 1923, likitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu ya serikali ya Mwingereza, na kwa kuwa lilikuwa la Idara ya Elimu, lilifuata shule. Palipokuwa na mwalimu, au karani wa baraza, au katekista aliyejua kusoma, nakala ilifika, hata kama ilifika imechelewa na imepita mikono mingi. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha kununua pamba. Nakala zake alizitunza katika sanduku la bati pamoja na stakabadhi za wakulima, na alitukataza kuzigusa tukiwa na mikono michafu. Ndani mlikuwa na habari za serikali, mafunzo ya kilimo, hadithi na barua. Na mlikuwa na mashairi.

Waliotunga mashairi yale walikuwa watu wa kazi za kawaida. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Aliingia kazi hiyo mwaka 1926, akakaa Pangani kwa miaka mingi, na nchi ilianza kumsoma katika miaka ya 1930 kupitia Mambo Leo, muda mrefu kabla hajawa na vitabu madukani. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mgogo wa Dodoma, mtumishi wa serikali ambaye baadaye alikuwa hakimu. Saadani Kandoro na Kaluta Amri Abedi walikuwa watu wa Ujiji. Angalia ramani, msomaji. Ujiji iko kwenye Ziwa Tanganyika, Dodoma iko katikati ya nchi. Hawa watatu wa bara hawakuwa na mwambao wa kuwapa ukoo wa ushairi. Walikuwa na posta. Ninaamini kabisa kwamba ukurasa wa mashairi wa gazeti ndio uliouhamisha ushairi wa Kiswahili kutoka pwani kuja bara, na kazi hiyo haikufanywa na chuo wala na kitabu chochote.

Ukurasa ule ulikuwa na desturi zake, na aliyetaka kuingia ilibidi azijue. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kubisha hodi: mtunzi alimwamkia mhariri, akamwomba nafasi, akaahidi kutosema sana. Beti za katikati zilibeba hoja. Ubeti wa mwisho ulifunga, na mara nyingi ndani yake mtunzi alijitaja, akataja na kijiji chake. Wengi walikuwa na lakabu, jina la ushairi lililojulikana nchi nzima kuliko jina la kodi. Kisha yalikuja majibu. Mtu wa Tabora aliuliza swali kwa beti, mtu wa Lindi akajibu kwa vina vilevile, mtu wa Mwanza akaingia kuwaamua, na malumbano yakaendelea kwa miezi. Kwetu Ngoreme jambo hili halikuhitaji maelezo. Wapiga litungu wawili wakikutanishwa kwenye sherehe moja hufanya hivyo hivyo, hujibizana mpaka mmoja aishiwe. Baba alipokuwa akitusomea malumbano ya gazetini, wazee wasiojua kusoma walikaa kusikiliza na kuhukumu nani kashinda, na hukumu zao zilikuwa kali.

Kilichotushinda ni sheria. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kikichapwa na Eagle Press, tawi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Mwandishi huyu alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, na alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40. Kitabu chake kikawa ndiyo mizani ya wahariri. Shairi la kawaida liwe na mishororo minne, mshororo uwe na mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho visichezewe. Wahariri walihesabu. Lililopungua mizani moja lilitupwa au lilirudishwa.

Kwa mtu wa Mara kulikuwa na kikwazo cha ziada ambacho mtu wa Tanga hakukijua. Lugha zetu hazitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mtoto wa Kisaka anasema "kura" akimaanisha kula, na masikio yake hayaoni kosa. Basi watunzi wetu waliandika kina cha "-ra" kwenye mshororo mmoja na "-la" kwenye unaofuata, wakaapa kwamba vimelingana, na kwa masikio yao vililingana kweli. Nilikuwa na jirani, fundi baiskeli, aliyekuwa na fikra nzito kuliko watunzi wengi niliowasoma gazetini. Aliniletea mashairi yake niyapitie kabla hajayatuma, na kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo ya r na l. Tulikaa chini ya mti mbele ya karakana yake, yeye akisoma kwa sauti na kugonga mizani kwenye tairi, mimi nikiwa na kalamu. Alijifunza. Shairi lake kuhusu bei ya pamba lilipotoka, alilibandika ukutani juu ya vifaa vyake, na wateja waliokuja kuziba pancha walilazimika kulisikiliza kwanza.

Uhuru ulipokuja, milango iliongezeka. Gazeti la Uhuru la TANU lilianza mwaka 1961, na Mzalendo la Jumapili likafuata mwaka 1972. Kulikuwa na Ngurumo, gazeti la bei nafuu lililopendwa na watu wa mjini. Kulikuwa na Kiongozi la Wakatoliki, lililotoka Tabora tangu mwaka 1950 na kufika kwetu kwa njia ya misheni, kwa maana mapadre wa Maryknoll walikuwa wamefika Musoma mwaka 1946 na kituo chao cha Iramba hakiko mbali na Kisaka. Lakini usidhani gazeti la kila siku lilitufikia kila siku. Lilifika Musoma, likangoja basi, basi likangoja barabara ikauke. Tulisoma ya juma zima kwa mkupuo. Kwa shairi hilo halikudhuru kitu, kwa sababu shairi halichachi.

Barua zetu nazo zilikuwa na safari yake. Nilipoanza kazi nilipangiwa shule ya ng'ambo, upande wa Tarime, na barua zetu za kwenda Dar es Salaam zilipita Kirumi, palipokuwa na kivuko kabla daraja halijajengwa. Mto ukifurika, kila kitu kilisimama. Ubeti wangu wa kwanza kuchapishwa ulizaliwa katika kusubiri huko, nao naukumbuka bila karatasi:

Mto Mara umefura, barua haijavuka,
Si maneno ya papara, kwa wino nimeandika,
Ukiliona ni bora, lichape pasi na shaka,
Nisikike hapa Mara, na Pwani nikasikika.

Wanawake tulikuwa wachache kwenye ukurasa ule. Baadhi ya wenzangu walitumia majina ya kaka zao ili wasiulizwe maswali nyumbani. Mimi niliandika jina langu lote na jina la shule. Walionijibu waliniita dada, wakanikosoa na kunisifu kama walivyomkosoa na kumsifu mwanamume, na heshima hiyo kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuniona uso imenikaa moyoni mpaka leo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu ngonjera. Mnyampala alikuwa kiongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 chama hicho kilijitwisha kazi ya kulieleza Azimio kwa beti za kujibizana. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shule zote zilivipokea. Mwenge wa Uhuru ukija, ngonjera. Mgeni wa wilaya akija, ngonjera. Watoto wangu wa darasa la nne walisimama mistari miwili, huku mkulima mvivu, huku mkulima hodari, wakashindana kwa vina mbele ya kijiji kizima. Wasomi wa baadaye wamezidharau ngonjera, wakisema zilikuwa propaganda. Nakubali kwamba nyingi zilikuwa za kusifu tu, na nakubali pia kwamba kurasa za magazeti katika miaka ile zilijaa pongezi kwa viongozi kiasi cha kumnyima nafasi mtu mwenye jambo la kusema kuhusu mbolea iliyochelewa. Hilo lilikuwa hasara ya kweli. Lakini jukwaa la ngonjera lilikuwa mahali pa kutolea kazi pasipohitaji posta wala mhariri wa Dar es Salaam. Mwalimu alitunga Jumatatu, Ijumaa watu mia kadhaa walikuwa wamesikia. Watoto waliozighani ndio waliokuja kuwa wasomaji wa ukurasa wa mashairi.

Na wasomaji waliongezeka ghafla. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mzito kwa Mara. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka maboma yao ya zamani na kuwapanga kwa mistari kando ya barabara, na wengine waliumizwa na kuhama huko kwa namna ambayo haijasahaulika. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Azimio la Musoma likataka kila mtoto aingie shule ya msingi. Wakati huo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto, na kutoka Mwanza kulianza gazeti la wakulima wa Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa herufi kubwa na maneno mepesi kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka tu kujua kusoma. Mama yangu alilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza nyumba ya wazazi wangu ilikuwa na wasomaji wawili wa gazeti, na huyo wa pili alianza kuuliza maswali.

Lakini mama alikuwa amekwisha kuupata ushairi wa Kiswahili kabla ya kujua herufi, kwa njia ya redio. Kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilifanya kazi ambayo gazeti lisingeweza kuifanya peke yake. Shairi lilisomwa kwa sauti, na lilipoghaniwa vizuri watu walisimama na majembe mikononi. Redio moja ilitosha maboma matatu. Betri zikichoka tulizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye kipindi jioni. Mtunzi aliyesikika redioni aliamkiwa kwa jina lake la ushairi sokoni Mugumu siku iliyofuata, na hata polisi alimpisha. Kwa watu waliolelewa na litungu, hapa ndipo ushairi wa Kiswahili ulipokuwa wetu kabisa, kwa kuwa ulirudi kuwa sauti. Amiri Sudi Andanenga, aliyejiita Sauti ya Kiza, alikuwa haoni. Wazee wa kwetu waliosikia habari hizo walimpa heshima maalumu, maana walijua kwamba mtunzi wa kweli hutunza kazi yake kichwani.

Tulikuwa pia na bahati ya mpaka. Sirari na Isebania ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na kupitia hapo tulipata Taifa Leo la Nairobi pamoja na sukari na sabuni katika miaka ambayo vitu hivyo havikuonekana upande wetu. Washairi wa Kenya walikuwa na ukurasa wao, wenye ubishi mkubwa. Nawajua watunzi wa Tarime waliotuma huko mashairi yao kwa mkono wa dereva, wakachapishwa, wakajibiwa na mtu wa Mombasa. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Kwa nini mashairi yao yasivuke?

Kitabu ni habari nyingine. Diwani ilikuwa ndoto ya kila aliyejaza daftari, na wachache sana waliipata. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilikuwa Nairobi. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, Dar es Salaam. Mswada ulipaswa kupigwa chapa kwa mashine, nakala mbili, na mashine ya chapa Serengeti ilikuwa ofisini kwa mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilituma mswada wangu kwa mchapishaji mmoja wa mjini. Jibu lilisema wameupokea na kwamba karatasi hakuna. Baada ya hapo sikupata neno tena, wala mswada haukurudi. Sikuwa peke yangu. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha, na hata madaftari ya shule tuliyagawa kwa kukata katikati. Ni mashairi mangapi ya Kanda ya Ziwa yalipotea katika makabati ya miaka ile? Yaliyokuwa yametoka gazetini yalinusurika. Yaliyongoja kitabu yalizikwa.

Kwa upande mwingine, vitabu vilivyofaulu kuchapwa vilileta ugomvi mkubwa wa ushairi, na nina furaha kwamba Ziwa letu lilikuwa katikati yake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na jina la kitabu lenyewe lilikuwa changamoto. Wazee wa vina walikasirika. Kwenye kurasa za mashairi walitunga beti za kuwakana, wakisema hayo si mashairi. Mimi nimetunga kwa vina maisha yangu yote, na bado nasema waliofunga mlango huo walikosea. Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alikuwa amekwisha kumtafsiri Shakespeare kwa mistari isiyo na vina, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na hakuna aliyesema kwamba alichoandika si Kiswahili. Mtoto wa Kisaka aliyeshindwa kwa sababu ya r na l angeweza kupitia mlango huu mwingine. Wahariri wa magazeti waliendelea kumfungia kwa miaka mingi, nao waliukosesha ukurasa wao damu mpya.

Walioshindwa kupata mchapishaji walitafuta mashine ya stensili. Hii ni sehemu ya historia ambayo haimo katika vitabu, na kwetu ndiyo iliyo tajiri. Mwaka 1969 misheni ya Iramba ilitoa kwa njia hiyo Mila na Matendo ya Wangoreme, kazi ya mwenyeji wetu Philipo Haimati pamoja na padre wa misheni, na wanahistoria wa nchi za nje wamekuja kuitumia tangu wakati huo. Haikuwa shairi, lakini ilitufundisha kwamba kitabu kinaweza kutoka Ngoreme kwenyewe. Mimi nilitumia mashine ya shule wakati wa likizo, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wino nikinunua mwenyewe. Kijitabu changu kilikuwa na kurasa chache zilizoshonwa kwa uzi wa gunia. Kilifika Mugumu, Tarime na Musoma kwa mikono ya walimu waliokuwa wakienda kuchukua mishahara. Vivyo hivyo walifanya wanakwaya na makatekista. Nyerere mwenyewe, alipotafsiri Enjili kwa utenzi, kazi hiyo ilichapwa mwaka 1996 na mitambo ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Rais mstaafu alipitia misheni. Basi sisi tusione haya.

Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, magazeti yalichipuka: Majira, Nipashe, baadaye Mwananchi. Tulidhani kurasa za mashairi zitaongezeka, na kwa muda kidogo ilikuwa hivyo. Kisha matangazo yakaanza kulipia nafasi, michezo ikameza kurasa za nyuma, na ukurasa wa mashairi ukawa nusu, nusu ikawa robo, robo ikatoka pale tu palipobaki upenyo. Hakuna aliyetangaza kuufunga. Watunzi waliacha kutuma walipoona hawajibiwi.

Vimekuja vitu vingine, na vinastahili shukrani. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein imekuwepo tangu mwaka 2014, na Mkuki na Nyota wamechapa diwani ya mashairi yaliyoshindanishwa. Tuzo ya Mabati-Cornell, kama ilivyoitwa wakati huo, ilianza kutolewa mwaka 2015, na mshindi wake wa kwanza wa ushairi alikuwa Mohammed Ghassani kwa N'na Kwetu. Mwaka 2022 serikali ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ushairi umo. Nawahimiza vijana wa Serengeti na Tarime wajaribu zote; hazina ada ya ukoo. Chacha Nyaigotti Chacha, mwenye jina la Kikurya lisilofichika, aliandika tamthilia na kitabu kizima juu ya ushairi wa Abdilatif Abdalla, kwa hiyo wasikubali kuambiwa kwamba lugha hii ni ya wengine.

Hata hivyo tuzo haiwezi kufanya kazi ya ukurasa. Tuzo huja mara moja kwa mwaka, inachagua watatu na kuwanyamazia wengine wote. Ukurasa ulikuja kila juma, ukamchukua fundi baiskeli, ukamrudishia jibu kutoka Lindi. Mtunzi hukua kwa kujibiwa. Simu za mkononi zimewapa vijana wangu vikundi vya kusomeana mashairi, na wapo wenye kipaji kikubwa, lakini wanasifiana kwa alama ya dole gumba, hakuna anayewaambia kwamba mshororo wa tatu umepungua mizani au kwamba hoja imekwama ubeti wa pili. Simu ikiibwa, diwani imeibwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wale wenye masanduku ya bati kama la baba: msiyachome magazeti ya wazee. Kateni kurasa za mashairi, andikeni nyuma tarehe na jina la gazeti, mzipeleke Maktaba ya Mkoa pale Musoma au katika shule ya sekondari iliyo karibu, kabla mchwa hawajazimaliza. Na kwa wahariri wa magazeti ya Kiswahili, wa Dar es Salaam na wa Nairobi: turudishieni nusu ukurasa kila juma, wa mashairi yenye vina na yasiyo na vina, mumteue mtu mmoja wa kusoma na kujibu, na chini ya jina la mtunzi mwandike jina la kijiji chake.